Aliyemwaga Unga

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, Bi Safi alipitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, kisha akakisogeza karibu na jicho. Alikuwa anatazama usiku umeacha nini. Siku za upepo kidole kilitoka chekundu, maana barabara ya mtaa wao haikuwa na lami. Siku nyingine kilitoka na weusi wa moshi wa magari. Kitupu hakikutoka hata siku moja.

"Haya, kuna habari gani?" mumewe alimtania kutoka kitandani. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa usingizi mzito na utani mwepesi.

"Tumelala na nusu ya barabara humu ndani."

"Basi nayo ichangie kodi."

Bi Safi hakucheka. Aliingia bafuni, na huko ndiko asubuhi yake ilikokwisha. Alijisugua kwa sabuni ya kipande na dodoki gumu, akajisuuza, akaanza upya. Shingo, nyuma ya masikio, viwiko, katikati ya vidole. Hakuacha mpaka ngozi iwake moto. Akitoka alijifuta kwa taulo, basi. Mafuta hakupaka. Makopo yake ya mafuta alikwisha kumpa mdogo wake zamani, tangu alipopata kazi.

Binti yake mdogo alimngoja mlangoni na begi la shule mgongoni. Mtoto alikwisha kujua kwamba kwao watu hawaagani kwa kukumbatiana.

"Usinishike, mama, nimeshaoga," Bi Safi alimwambia.

Wakapungiana mikono, mmoja huku na mwingine kule, na sebule yenyewe ilikuwa ndogo hata kiti kimoja kikiingia kingine lazima kitoke.

Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha chipu, vile vipande vidogo vinavyofikiri ndani ya simu na ndani ya magari. Kwa nje lilikuwa jengo la kijivu lisilo na dirisha, limebebeshwa mabomba mgongoni. Ndani yake kulikuwa na vyumba, na ndani ya vyumba kulikuwa na chumba kimoja ambacho kila kitu kingine kilijengwa kwa ajili yake. Wao walikiita chumba cheupe, ingawa taa zake zilikuwa za njano. Hewa yake ilishuka kutoka darini na kutokea sakafuni, mchana kutwa, ikivuma taratibu kama mtu anayepumua amelala. Humo hakuna aliyekuwa na uso. Wote walivaa ovaroli nyeupe iliyoungana na kofia, viatu, glavu na barakoa, yakabaki macho tu. Bi Safi aliwajua wenzake kwa mwendo. Mara nyingine alimwona mtu anapita mwisho wa safu ya mashine, akamhesabu na kumtafutia jina, asimpate. Akigeuka tena hayupo. Alipouliza, wenzake walisema hata wao humwona mtu huyo, ila wameamua kutomsalimia.

Chipu zilitengenezwa juu ya sahani nyeusi, nyembamba, zinazong'aa kama maji ya kisimani. Juu ya sahani moja kulichorwa chipu mamia, zimekaa bega kwa bega. Sahani ilichorwa kwa mwanga, ikaunguzwa, ikaoshwa, ikapakwa, ikachorwa tena, na safari hiyo ilichukua miezi. Michoro ilikuwa midogo kupita kuona. Kitu kisichoonekana kwa macho, kikidondoka pale, kilikuwa sawa na jabali limeangukia mtaa wa watu.

Kiwanda chenyewe kilinakiliwa. Nchi ya mbali kulikuwa na kiwanda mama, kinachofanya kazi miaka mingi bila matatizo, na wakubwa waliamua kisinakiliwe nusunusu. Walileta michoro yote wakafuata kila mstari. Kona za mabomba zilikuwa zilezile, rangi ya kuta ileile, hata ndoano za kutundikia ovaroli zilipigwa kwa kimo kilekile, kikawa kimo cha watu warefu, ikabidi wafupi wapandie stuli. Wakaletewa na mwalimu kutoka huko, mzee mmoja mwenye sauti ya chini.

Siku ya kwanza ya mafunzo mwalimu huyo aliwaingiza kwenye chumba cha giza, akawasha taa moja kali, akamwita Bi Safi mbele. Wakati huo hakuwa Bi Safi bado, alikuwa mama mmoja tu miongoni mwa wanafunzi.

"Jikune mkono," alimwambia.

Akajikuna. Ndani ya mwale wa taa likapanda wingu, jeupe, linameremeta, likazunguka mbele ya uso wake bila haraka.

"Ni nguo hii," alisema kwa aibu. "Ya zamani."

"Si nguo," mwalimu akajibu. "Ni wewe. Humu ndani mtu ndiye uchafu."

Kisha akawasomea makatazo: hakuna manukato, hakuna poda, hakuna mafuta, hakuna sigara. Wengine waliandika, wakasahau. Bi Safi hakuandika, na hakusahau. Lile wingu lilitoka naye mle gizani, likapanda naye basi, likaingia naye nyumbani. Alipomtazama mtoto wake amelala, aliliona likishuka kutoka kwake kwenda juu ya shuka la mtoto. Ndipo alipoanza kujisugua.

Jina alipewa na Kicheko, kijana wa mashine za kuunguzia, ambaye hata msibani alitafutiwa kiti cha nyuma kwa hofu ya mdomo wake. "Huyu dada akipiga chafya, chafya yenyewe inanawa kwanza mikono," alisema. "Huyu ni Bi Safi." Jina likashika. Moyoni alilipenda.

Tatizo ni kwamba sahani zilikuwa zinakufa.

Mwisho wa safari kila sahani ilipimwa, na picha yake ikatokea kwenye skrini: chipu nzima kwa kijani, iliyokufa kwa nyekundu. Kwenye kiwanda mama picha zilikuwa za kijani na madoa machache. Hapa ziliiva nyekundu kama zimetapikiwa damu. Wenye mashine, kampuni ya huko mbali, walikwisha kusema. Watakuja. Siku watakayokuja wapewe sahani ambayo nusu ya chipu zake ziko hai. Nusu tu, hawakutaka zaidi. Isipofika, wanafungua mashine zao wanaondoka nazo, na jengo libaki na mabomba yake.

Injinia, dada mmoja mwembamba aliyesomea hukohuko kwenye kiwanda mama, alikuwa amekonda zaidi. Alibadilisha machujio ya hewa. Akabadilisha maji, ingawa maji yao yalikuwa safi kiasi cha kutonyweka. Akagundua malori ya barabarani yanatikisa sakafu, barabara ikahamishwa. Kila alipoziba tundu moja, sahani zikafia kwingine.

"Mimi nitawaambia ugumu uko wapi," Kicheko alisema siku moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ovaroli imemfika kiunoni. "Chukua sufuria la wali. Litoke jikoni lipite watu mia tano, na kila mmoja adokoe kidogo tu. Kidogo! Hakuna aliyekula. Hakuna mwizi. Lakini likifika kwako ni ukoko."

"Sasa nani anadokoa?" mtu akauliza.

"Wote. Ila kuna mmoja anayedokoa kwa mikono miwili."

Watu wakacheka. Injinia, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Siku iliyofuata alileta mbwa.

Mbwa lilikuwa jina lao tu. Kilikuwa kisanduku cheupe chenye magurudumu na mrija mdogo, kinachovuta hewa na kuhesabu vumbi lililomo. Hewa ikiwa shwari kilinyamaza. Kikinusa kitu kilisema tik, na taa yake ya kijani ikawa nyekundu. Kikinusa vingi kilisema tik-tik-tik mpaka nywele zisimame. Injinia alikiweka karibu na meza ya kuchukulia sahani, pale ambapo mikono ya watu ilifanya kazi ambayo kwenye kiwanda mama ilifanywa na mashine ambazo wao hawakuletewa. Kila siku mtu mmoja aliachwa nje kwenye benchi la ukumbini, wengine wakaendelea, ili ionekane mbwa atanyamaza siku ya nani.

Rasmi liliitwa zoezi la upimaji. Wao waliliita kumtafuta mchawi.

Kila mtu alianza kumtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Aliyekohoa alikimbiwa. Bi Safi hakuogopa. Alimjua mchawi. Mara nyingi, mapumziko ya mchana, alimwona Kicheko nyuma ya vyoo akivuta sigara, kisha akinywa maji haraka kuua harufu. Kwa hiyo akamfuata Injinia, akamwambia.

Alisema kwa nia njema. Sahani zilimuuma kama watoto wagonjwa.

Kicheko aliondolewa chumba cheupe, akapelekwa stoo ya kufulia ovaroli. Walipokutana mlangoni hakupandisha sauti.

"Dada, nasikia una pua kuliko mbwa mwenyewe."

"Sikutaka ubaya."

"Najua. Wewe ubaya haukugusi, unateleza." Akacheka, lakini macho yake hayakushiriki.

Mbwa aliendelea kusema. Hata siku hizo za bila Kicheko, tik, tik. Na Bi Safi akaanza kuona jambo ambalo hakutaka kuliona. Akisimama mbali na meza, mbwa alinyamaza. Akisogea, mbwa aliamka. Akajiambia ni bahati mbaya. Akaanza kutembea polepole, kisha polepole zaidi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye maiti. Tik. Akaongeza kujisugua. Alitumia dodoki mpaka likafumuka, akanunua jingine gumu zaidi. Jioni moja, akiwa amekaa karibu na mwanawe aliyekuwa akisoma kwa sauti, alisikia kitu nyuma ya bega lake kikisema tik.

"Umesikia?" akamuuliza mtoto.

"Nini, Mama?"

"Hamna. Soma."

Akahamia kiti cha mbali.

Siku yake ya benchi ilifika. Alikaa ukumbini, mikono mapajani, akitazama ndani kupitia kioo. Wale watu weupe walikuwa wakienda na kurudi bila sauti. Mbwa alionekana pale pale karibu na meza, na taa yake ndogo ilikuwa ya kijani. Akangoja iwake nyekundu. Mchana ukapita. Taa haikuwaka. Mtu mmoja akapita karibu nayo, akainama, akasimama, akaondoka. Kijani. Ndani kule watu wakaanza kutazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakageukia kioo. Macho matupu, yote yakimtazama yeye.

Kicheko alitokea stoo na mfuko wa ovaroli, akaketi upande wa pili wa benchi.

"Karibu," alisema. "Benchi limepoa, eh?"

Bi Safi akajisogeza mpaka ukingoni mwa benchi, mbali naye.

"Aa, dada. Nilikuwa natania tu." Kijana akaweka mfuko chini. "Natania tu."

Injinia hakujua aanzeje. Alimpeleka kwenye kiofisi chake, akafunga mlango, akamwomba apandishe mkono wa blauzi. Akachukua kipande cha utepe mweusi unaonata, akaubandika kwenye kiwiko, akaubandua. Akauweka mezani chini ya taa. Utepe ulikuwa mweupe.

"Unaoga vipi, dada yangu?"

Akamweleza. Dodoki, sabuni, kurudia.

"Na mafuta?"

"Mafuta? Si tulikatazwa?"

Injinia akautazama ule utepe kwa muda mrefu. "Wenzako nimewapima," alisema. "Wanapaka mafuta ya mgando kila siku, kwa siri. Hawakuacha hata mara moja. Ngozi zao zimelala. Yako imekauka, inapukutika, na inapita kwenye kitambaa unapokunja kiwiko." Kisha akasema kama anaongea peke yake: "Kule kiwanda mama, kwenye karai la kunawia, kulikuwa na kopo la krimu. Kila mtu alipaka kabla ya kuvaa. Nilidhani la mtu. Mwalimu alipokataza mafuta alikuwa anasema haya ya dukani. Lile lao hakulitaja. Labda aliona halihitaji kutajwa. Na kwenye michoro kopo halimo."

Walinakili kona za mabomba na kimo cha ndoano. Kopo lilibaki kwao.

"Kwa hiyo ni mimi," Bi Safi alisema.

"Si wewe. Ni ngozi."

"Mwalimu alisema ni kitu kimoja."

Habari haikukaa ofisini. Kesho yake mtu fulani, si Kicheko, alisema kwenye foleni ya chakula: "Kumbe mwenzetu ndiye aliyekuwa anamwaga unga!" Wakaangua kicheko, maana kumwaga unga ni kufukuzwa kazi, na ule wa Bi Safi ulikuwa unga kwelikweli, mweupe, wa kuchekecha. Yeye mwenyewe alitabasamu. Lakini hakufukuzwa. Injinia alimpa utepe mweusi wa kujipimia na kopo la krimu iliyoagizwa, akamwambia akae nyumbani, apake asubuhi na jioni, dodoki alitupe. Ngozi ikipona arudi. "Siku wenye mashine wakija nakutaka wewe mezani," alisema. "Hakuna mwenye mikono tulivu kama yako. Sahani ile wakiichukua watu wa kutetemeka, tumekwisha."

Kicheko akarudishwa chumba cheupe. Sahani zikaanza kuwa za kijani, doa kwa doa.

Nyumbani Bi Safi alipaka. Mumewe, ambaye safari zake zilikuwa zimepungua, alifurahi kumwona ameketi mchana. "Sasa unang'aa kama bomba jipya," alimwambia. Ngozi ilipona. Utepe mweusi ulibanduka mweusi. Ila sauti haikuondoka. Aliisikia akikunja shuka. Aliisikia akigeuza ukurasa wa daftari la mtoto. Akipaka krimu alihisi chini yake kuna kitu kimefunikwa tu, kinangoja, kama mdudu chini ya jamvi. Alilala chali, mikono imenyooka, ili asikunje kiwiko.

Asubuhi ya wageni aliingia bafuni akiwa amenuia kujimwagia maji tu. Alijimwagia. Akafunga bomba. Akasikia tik, begani, karibu kabisa na sikio.

Dodoki hakuwa amelitupa.

Alipotoka ngozi ilikuwa inawaka mpaka shingoni. Alichota krimu kwa kiganja kizima, akapaka, ngozi ikainywa yote ikabaki kavu. Akapaka tena. Basi la kazini likapiga honi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wote walikuwa wameshavaa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtania mwenzake. Kicheko tu ndiye aliyemsogelea. "Karibu nyumbani, Bi Safi. Leo ama zao ama zetu." Akamshushia ovaroli kwenye ndoano ili asipande stuli.

Bi Safi akavaa. Akafunga zipu mpaka kidevuni. Akaingia kwenye kijichumba cha upepo, kile cha kati, ambapo hewa inakupuliza kutoka kila upande kabla mlango wa pili haujafunguka. Kicheko alikuwa nyuma yake. Kupitia kioo aliona meza, na juu yake kasha la sahani. Aliona wageni wamejipanga ukutani, weupe, macho yasiyofahamika. Aliona mbwa, na taa yake ya kijani. Injinia alimwita kwa mkono.

Upepo ukakoma. Katika ule ukimya alihisi kitu ndani ya mkono wa ovaroli, kinateremka kutoka kwenye kiwiko, chepesi, kinafuata mfupa, kinasimama kwenye mdomo wa glavu.

Huenda glavu ingekizuia. Huenda mbwa angenyamaza. Hakuwa na namna ya kujua, na nyuma ya kutojua kwake kulikuwa na chakula cha watu wote wa jengo lile. Injinia akamwita tena, kwa mikono yote miwili.

Bi Safi akageuka, akabonyeza kitufe cha mlango walioingilia.

"Dada, mlango ni ule," Kicheko alisema.

"Kaibebe wewe."

"Mimi? Mimi mvuta sigara?"

"Uliacha?"

"Tangu nitupwe stoo. Nilikuwa naona haya hata kuwasha."

"Na mafuta unapaka kila siku. Kaibebe. Kunja magoti, usikunje viwiko. Usiitazame, tazama mahali unapoipeleka."

"Dada..."

"Nenda, mdogo wangu. Wanatazama."

Alimwacha akitazamana na mlango wa pili. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alivua ovaroli taratibu, akaigeuza ndani nje. Kwenye mikunjo ya viwiko kulikuwa na unga, mstari mwembamba mweupe. Kwa hiyo hakukosea. Akaukunjia katikati ili usimwagike, akaitia ovaroli kwenye mfuko wa kufulia, akaufunga fundo.

Baadaye watu walisema Kicheko alitembea na ile sahani kama mtu aliyebeba mtoto wa mfalme, na kwamba chipu hai za sahani hiyo zilivuka nusu kwa chupuchupu, mashine zikabaki. Injinia alituma ujumbe, kisha akaja mwenyewe mpaka nyumbani kwake, akaambiwa na mumewe ngoja nimwite, akangoja. Hayo ni ya baadaye.

Mchana ule Bi Safi alipita ukumbini, akapita benchi, akateremka ngazi za nyuma. Nje upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa barabara mpya ya malori, umebeba vumbi jekundu. Mlinzi wa getini, aliyekuwa amejifunga kitambaa puani, alitoa kichwa dirishani.

"Mbona mapema, mama? Umesahau kitu?"

"Hapana."

"Utarudi sasa hivi? Nisiandike umetoka?"

"Andika," alisema.

Akatoka. Vumbi lilimpiga usoni, likamjaa kwenye kope na midomoni, na hakuinua mkono kulifuta. Mlinzi alimfuata kwa macho mpaka alipopita kituo cha basi bila kusimama, akakata kona penye ukuta wa matofali. Mlinzi alifungua geti na kulifunga mara nyingi tangu siku hiyo, akiwaingiza wengine.